Kanuni ya Saba: Jinsi Nilivyofunza Adabu za Japani Nikiwa Migori

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha mtasema nilitaka kulificha. Miaka ya tisini nilimfunza msichana mmoja wa Homa Bay namna ya kuagana na wenyeji wake Japani. Nilimfunza kwa uhakika, nikamwandikia kwenye daftari, nikapiga mstari chini. Japani yenyewe sijawahi kufika. Wakati huo mahali pa mbali kabisa nilipokuwa nimelala ni Kisumu, na huko nililala siku moja tu, nikarudi na basi la kwanza kwa sababu kitanda kilikuwa kigeni.

Nyinyi vijana mnaokwenda huko siku hizi mna simu zinazowatafsiria kila kitu. Mnaiweka mbele ya mtu, inaongea, mnaendelea. Sisi tulikuwa na daftari la kurasa thelathini na mbili na mwalimu asiyependa kutoka nyumbani. Lakini nimeombwa na watoto wa ndugu zangu niandike niliyoyajua, nami nitaandika, mradi mjue mnapokea ushauri kutoka kwa nani.

Nilikuwa karani wa stoo katika mradi wa kuchimba visima, Migori. Wajapani ndio walioleta mashine, na pamoja na mashine wakaleta masanduku. Kazi yangu ilikuwa kupokea masanduku, kuyapanga, na kusema hapana kwa mafundi waliotaka spana bila kutia sahihi. Kwenye kila sanduku kulikuwa na alama moja, kama nguzo yenye mkono mfupi, imesimama juu ya mstari. Mimi niliona ile nguzo ikining'inia chini ya mstari inapendeza zaidi, kama taa ya dari. Nikapanga stoo nzima hivyo. Miezi minne baadaye grisi ilianza kutambaa kutoka chini ya mlango kama mgeni anayetafuta choo.

Mzee Hirano ndiye aliyekuja kuniuliza. Alikuwa mchimbaji wao mkuu, mtu wa miaka karibu sitini, mwembamba, kofia haimtoki kichwani. Kiswahili alikiokota kwa madereva na mama wa chai. Aliangalia masanduku, akaniangalia mimi, akachukua moja akaligeuza. Akainua kidole juu.

"Ouma-san," akaniita, maana kwao san ni kama bwana. "Hii, juu."

Akaligeuza tena, kidole chini. "Hii, grisi kwa kiatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya Kijapani. Hakunifokea. Alikaa chini na mimi jioni mbili, tukageuza masanduku yote, na kila tukigeuza moja ananifundisha neno. Nikaona heri nijifunze lugha yao kuliko kupangusa grisi tena.

Sasa mnisikilize, maana sehemu hii ni ya kweli, niliitoa kwa Hirano mwenyewe. Kijapani hakitawatesa mdomoni. Karibu kila silabi inaishia na irabu, kama Kiswahili. Someni kama mnavyosoma Kiswahili na mtaeleweka. Shida yetu sisi wa huku ziwani ni ile "sh", ambayo ikitoka kwetu inatoka imepungua, shamba linakuwa samba. Kwa hiyo mtu akiingia ofisi ya watu anapaswa kusema *shitsurei shimasu*, yaani samahani nawakatiza, lakini wanafunzi wangu wote walisema *sitsurei simasu*. Hirano aliwasikia, akasema, "Sawa, wataelewa. Watajua ametoka mbali."

Neno la kwanza kushika ni *sumimasen*. Hilo ni kama ufunguo unaofungua milango mingi. Umemkanyaga mtu, sumimasen. Unamwita wa kuleta chakula, sumimasen. Mtu amekupisha, sumimasen. Ukiwa hujui la kusema, hilo halitakupeleka pabaya. La pili, *arigato gozaimasu*, ahsante, na usilifupishe mbele ya mtu mzima. La tatu ni *wakarimasen*, sielewi. Hili vijana mnaliona haya, mnatikisa kichwa juu chini kama mmeelewa, halafu mnashuka kituo kisicho chenu. Semeni wakarimasen, kisha *mo ichido onegai shimasu*, tafadhali rudia. Kabla ya kula, *itadakimasu*. Ukimaliza, *gochisosama deshita*, ambalo mpishi akilisikia hata kama umeacha nusu atakusamehe. Na kabla ya yote, *toire wa doko desu ka*, choo kiko wapi, kwa sababu tumbo halingoji ufungue daftari.

Nilifundishia kwenye kibaraza cha stoo, saa ya chakula cha mchana. Mradi ulikuwa unapeleka mafundi wachache Japani kwa kozi, na ilipojulikana kwamba karani wa stoo anaongea na Hirano, nikageuka *japuonj*, mwalimu. Wanafunzi wakikaa juu ya mifuko ya simiti, mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Cheo kilinikaa vizuri sana. Nilianza hata kutembea polepole.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Owino, fundi wa bomba kutoka Takawiri. Kisiwani kwao mtu anaoga ziwani, na sabuni anaingia nayo. Nilimfundisha maneno arobaini na mawili. Kuoga sikumfundisha, nilidhani kuoga kila mtu anajua. Alipofika alipangiwa kwa familia, wakamwonyesha chumba cha maji, kuna beseni kubwa limejaa maji ya moto mpaka kifuani. Owino akaingia na sabuni. Akajisugua, akafurahi, maji yakawa meupe kama uji. Alipomaliza, kwa sababu ni kijana aliyelelewa vizuri, hakutaka kuacha uchafu wake. Akavuta kizibo, maji yote yakaenda.

Kumbe ni maji ya nyumba nzima. Mtu anajiosha nje kwanza, kwenye kigoda, anajisuuza mpaka anang'aa, ndipo anaingia kujipasha moto tu, akitoka anaingia mwingine. Baba wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, akisikiliza maji yakishuka.

Owino aliporudi alinitafuta stoo. "Japuonj, ulinifunza kuuliza bei ya samaki na hukunifunza kuoga."

"Wewe uliuliza bei ya samaki?"

"Hapana. Niliambiwa nisiguse kitu chochote tena."

Ndipo nikaanza kuandika kanuni. Kila aliyerudi nilimkalisha, nikamkamua. Msivute kizibo, hiyo ikawa ya kwanza. Ya pili, viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo kagua soksi zako kabla ya kuondoka Kenya, tundu la kidole gumba litasafiri na wewe. Ya tatu, chooni kuna sapatu za choo peke yake, usitoke nazo ukaja nazo mezani, kuna mmoja alifanya hivyo na jina lake silitaji kwa sababu sasa ni mzee wa kanisa. Ya nne, beba hankachifu, vyoo vyao vya umma havina cha kupangusia mikono. Ya tano, mwombe mwenyeji akuandikie anwani ya unapolala kwa herufi zao, uitie mfuko wa shati. Ukipotea mwonyeshe polisi karatasi na ukae kimya. Ya sita, kupokea na kutoa kitu ni kwa mikono miwili, na hiyo sisi hatufundishwi na mtu.

Kanuni ya saba niliitunga mimi.

Hakuna aliyeniambia. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikafikiri, hawa watu wana adabu kama zetu, mikono miwili, salamu ndefu, chakula kwanza maneno baadaye. Basi hata kuagana ni lazima kufanane. Na kwetu mgeni akiondoka unamsindikiza. Humwachi langoni, unaenda naye mpaka barabarani, na yeye akikuona umeenda mbali anageuka, anakurudisha kidogo, mnaongea tena yale yale, unamtoa tena. Nikaandika: *Mwenyeji akikusindikiza, usimwache amesimama peke yake barabarani. Mrudishe.* Nikapiga mstari.

Aliyeibeba kanuni hiyo ni Atieno. Alikuwa fundi wa pampu za mkono kwenye karakana ya Homa Bay, na pampu aliijua kama mtu anavyojua mifuko ya nguo yake. Mradi ulikuwa unakaribia kufungwa. Wakubwa walikuwa wamesema wazi kwamba karakana ya Homa Bay itabaki tu ikiwa itasimamiwa na mtu aliye na cheti cha ile kozi. La sivyo vifaa vyote vihamishwe, na kisima kikiharibika huko Mbita au Ndhiwa watu wangoje fundi atoke Kisumu, akipata gari. Nafasi ya kozi ilikuwa moja, akapewa Atieno. Kozi ni miezi mitatu, na mwishoni kuna mtihani wa asubuhi moja: unafungua pampu, unaibadilisha vipuri, unaifunga, inatoa maji.

Alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Alikuja Migori Jumamosi nne mfululizo, akaandika kila nilichosema, hata nikikohoa. Siku ya mwisho akaniuliza, "Japuonj, hizi kanuni zote nizifuate?"

"Zote."

"Na hii ya saba?"

"Hiyo hasa."

Akaondoka.

Miezi miwili na zaidi ikapita. Jumapili moja nikamwalika Hirano nyumbani kwangu kwa chakula cha mchana, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unaisha. Alikula samaki ngege mzima akaacha miiba tu imepangwa pembeni kama vipuri. Alipoinuka nikamsindikiza mpaka njia kubwa. Pale akasimama, akainama. Nami nikasema siwezi kukuacha hapa, nikaendelea naye hadi kwenye mparachichi wa jirani. Akainama tena, akaangalia nyuma nyumba ilivyo mbali, akaanza kunirudisha. Nilifurahi, nikaona kumbe kweli tunafanana. Mara ya tatu alikuwa anatoa jasho.

"Ouma-san," akasema, "wewe tafadhali simama. Mimi nakwenda. Nikifika pale kona, nageuka mara moja, nainama, wewe inama, kwisha."

"Na kwenu ni hivyo?"

"Kwetu mwenyeji anasimama mpaka mgeni amepotea kwa macho. Mvua, anasimama. Mzee, anasimama. Kwa hiyo mgeni mzuri anakwenda haraka. Mgeni akirudi, mwenyeji anaona aibu, anaanza mwanzo. Haiishi."

Nikamwambia kuhusu kanuni ya saba. Nilimwambia nikiangalia viatu vyangu. Hirano hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana alikuwa mtu wa kucheka.

"Atieno anakwenda kwa nyumba za watu huko?"

"Mwalimu wake humwalika. Ameandika hivyo kwenye barua."

"Ouma-san. Treni yetu haisindikizwi na mtu. Saa yake ikifika, imekwenda."

Nikauliza kama tunaweza kupiga simu. Akasema angeweza, lakini angemwambia nini mkuu wa kozi, kwamba mwanafunzi wenu apunguze heshima? Na Atieno mwenyewe angeaibika. Tukaandika barua. Hirano akaandika anwani, mimi nikaandika ndani mstari mmoja: *Acha ya saba.* Nikaipeleka posta Jumatatu asubuhi, karani akaipima, akasema itachukua wiki mbili, labda tatu. Mtihani ulikuwa umebaki siku kumi na tatu.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Nilikuwa naenda posta hata siku ambazo najua haijafunguliwa. Nilimwona Atieno akilini, kwenye barabara fulani safi, akienda na kurudi, akienda na kurudi, na treni inapita nyuma yake. Niliona vifaa vya Homa Bay vikipakiwa kwenye lori. Mke wangu aliniambia nimepungua. Nikamwambia ni joto.

Mwezi uliofuata Atieno akatokea stoo bila taarifa, na begi moja na viatu vipya. Nilikuwa nahesabu boliti. Sikumsalimia hata, niliuliza tu, "Barua yangu uliipata?"

"Barua gani, japuonj?"

Nikaketi kwenye ndoo.

Alinihadithia akiwa amesimama, bila haraka, kama fundi anayeeleza pampu ilikoharibikia. Siku moja kabla ya mtihani mwalimu wake alimtuma akamsalimie mama yake, nyanya wa miaka sabini na kitu anayeishi kijijini, treni mbili kutoka mjini. Alikula, akacheka na nyanya kwa maneno yangu arobaini na mawili. Alasiri akaaga. Nyanya akatoka naye mpaka barabarani, akainama, akasimama. Atieno akakumbuka daftari. Akarudi, akamshika nyanya mkono, akamfikisha mlangoni kwake. Nyanya akashtuka, akaona amemwangusha mgeni, akavaa viatu tena akamsindikiza mpaka kwenye kona. Atieno akamrudisha. Nyanya akamtoa mpaka kwenye daraja. Atieno akamrudisha.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Mara ya nne tukasikia treni."

"Ilikuwa ya mwisho?"

"Ilikuwa ya mwisho."

Akalala kwa nyanya. Treni ya kwanza ya asubuhi ingemfikisha mjini dakika arobaini baada ya mtihani kuanza, na mlango ukishafungwa haufunguliwi, walikuwa wameambiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Atieno alimweleza nyanya kwa maneno machache aliyokuwa nayo na mengine kwa mikono. Nyanya alisikiliza. Asubuhi alfajiri alikuwa amevaa aproni yake na kofia ya jua, akaingia treni pamoja naye. Akaingia na ya pili. Akatembea naye mpaka chuoni, akapanda ngazi, akagonga mlango wa chumba cha mtihani.

Mwalimu akafungua akiwa amekunja uso, tayari kusema hapana. Mbele yake akaona mama yake mzazi ameinama hadi aproni inagusa magoti, anasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyemchelewesha. Na hakuinuka.

"Alikaa hivyo kwa muda gani?"

"Mpaka mwalimu akasogea nikapita."

Wengine walikuwa wamefika nusu. Atieno akaifungua pampu, akabadilisha vipuri, akaifunga. Maji yakatoka dakika sita kabla ya muda kuisha. Akafungua begi lake pale stoo, akatoa bahasha, ndani yake cheti chenye muhuri mwekundu, na jina lake limeandikwa vizuri kuliko tunavyoliandika sisi. Karakana ya Homa Bay ilikuwa yake.

"Na nyanya?" nikasema.

"Alikuwa ananingoja nje kwenye benchi. Nilimsindikiza mpaka steshini. Hapo alinikataza kabisa, akapanda mwenyewe, akanipungia dirishani." Akanitazama. "Japuonj, hiyo ya saba nani alikufunza?"

Nikamwambia ukweli. Akatoa kalamu, akafungua daftari lake palepale, akaifuta. Halafu akaniambia niandike nyingine mahali pake, lakini kwanza nimwulize Hirano.

Kwa hiyo hii hapa kanuni ya saba iliyosahihishwa, iandikeni: mwenyeji akisimama kukuaga, ondoka kwa haraka ya adabu, geuka kwenye kona mara moja, inama, potea. Na ya nane, ya wafunzaji: usiandike usichokijua, hata kama ndoo imekukaa vizuri.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetuliwa gunia la chumvi kichwani. Sikuweza kufika ndani. Nilisimama kwenye ua wa jirani yangu, Mama Achieng', ambaye alikuwa akichuma mboga za sukuma wiki, nikamhadithia yote, treni, aproni, maji yakitoka. Nilipofika kwenye cheti machozi yakanitoka, na sikuyazuia. Mama Achieng' aliendelea kuchuma mpaka nikamaliza. Akanyoosha mgongo, akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Huyo msichana amepita kwa sababu anajua pampu, na kwa sababu huyo nyanya ana akili," akasema. "Wewe hauko kwa hiyo hesabu. Sasa toka hapo ulie kwako, unakanyaga sukuma yangu."